Tupa Ndani ya Mkate, Sindano Kitovuni: Ukatili na Huruma katika Utenzi wa Fumo Liyongo



Ni nadra kuikuta nyumba ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ambayo wazee wake hawajapata kuisikia habari ya Fumo Liyongo. Tulisimuliwa tukiwa wadogo, nasi tukawasimulia wanetu: mtu mrefu, mwenye nguvu, bingwa wa upinde na bingwa wa mashairi, aliyehofiwa na mfalme mpaka akauawa. Lakini wengi wetu tumebakiwa na nguvu zake tu. Mtoto akiulizwa Liyongo alikuwa nani, atajibu kuwa ni shujaa aliyeshindikana, kisha atanyamaza.

Leo nataka tuutazame utenzi wenyewe ulivyojengwa, yaani vina vyake, mizani yake na jinsi mtunzi alivyoyagawa maneno yake. Utenzi huu unasimulia mauaji mabaya kupita yote, mauaji ya baba kwa mkono wa mwanawe, na hata hivyo hausikiki ukipiga kelele. Tena unatuliza wasikilizaji mpaka wanalia, na hali maneno ya kilio ndani yake si mengi. Siri iko wapi? Mimi naona siri imo katika mpango wa beti: nani amepewa maneno mengi, nani amepewa machache, na nini kimefichwa ndani ya nini. Asiyeuona mpango huo atauchukua utenzi kuwa ni hadithi ya mtu mwenye nguvu, na somo lake litampita. Na somo hilo tunalihitaji sana, hasa huku ninakoandikia, kama nitakavyoeleza mbele, inshallah.

UTENZI NA KIPIMO CHAKE

Utenzi ninaousema ni ule wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa, mtu wa Lamu, aliyesifika kwa hati yake nzuri na kwa kazi ya kuchonga mbao. Aliutunga mwaka 1913, na una beti zaidi ya 200. Kabla yake Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alikwisha kuichapisha habari ya Liyongo kwa maneno ya kawaida katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, huko London mwaka 1870. Na mwaka 1973 utenzi wa Kijumwa ulichapishwa Dar es Salaam kwa uhariri wa mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla. Kwa hiyo si jambo lililopotea. Anayetaka kulisoma atalipata.

Ubeti wa utenzi, kama mjuavyo, una vipande 4, na kila kipande kina mizani 8. Vipande 3 vya mwanzo hukutana kwa kina kimoja, na kipande cha 4 kina kina chake ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Katika utenzi huu kina hicho ni "ya". Vina vya mwanzo mtunzi aweza kuvibadili kila ubeti apendavyo, lakini mwisho wa ubeti hana budi kurudi kwenye "ya".

Vijana waliozoea mashairi yasiyofuata vina huuona mpango huu kuwa ni pingu. Ng'ambo ya maji kutoka hapa nilipo kuna kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa marehemu Euphrase Kezilahabi. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, ilizua ubishi mkubwa baina ya washairi kwa sababu aliviacha vina na mizani. Waliomfuata husema: vipi mwendo mmoja uweze kubeba karamu, na gereza, na mauaji, na kilio cha mama? Kila kitu si kitasikika namna moja?

Mimi sigombani nao. Kila fundi na chombo chake. Lakini kwa utenzi huu lawama hiyo haikufika. Mwuza nafaka anayepima kwa pishi moja, ukitaka kujua amempa nani zaidi huiangalii pishi. Unahesabu mara alizoijaza. Na ubeti ni pishi. Kwa kuwa haukui wala haupungui, msikilizaji mwenye makini huona mara moja mahali mtunzi alipopima sana na mahali alipopima kidogo. Laiti kila jambo lingekuja na mwendo wake wa peke yake, tusingeweza kulinganisha. Ni kwa sababu mwendo ni mmoja ndipo tunapofahamu kuwa jambo fulani limekatwa na jambo fulani limerefushwa. Basi twende tukahesabu.

ADUI WA NJE

Tazama kwanza jinsi mtunzi anavyompa adui wa nje nafasi kubwa. Sultani wa Pate anamhofia Liyongo kwa ajili ya ufalme, naye anatafuta njia ya kumwondoa. Wanatumwa watu wajifanye marafiki zake. Wanakubaliana kula makoma kwa zamu, leo huyu apande mkoma awaangushie wenziwe, kesho yule. Nia yao ni kwamba zamu ya Liyongo ifikapo, akiwa juu ya mti mikono imeshughulika, wamtupie mishale. Zamu yake ikafika, yeye hakupanda. Alishika upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Hila ikafa.

Kisha anakamatwa na kutiwa gerezani, na kifo chake kinapangwa. Hapo mtunzi hana haraka hata kidogo. Tunapewa walinzi, tunapewa Saada, mjakazi wa mama yake, anayeleta chakula na kunyang'anywa na walinzi kila kilicho kizuri. Tunapewa shairi ambalo Liyongo anamwimbia Saada ampelekee mama, na walinzi wanalisikia wasilielewe: atengenezewe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa. Mama anaoka mikate mizuri pamoja na ule wa wishwa. Walinzi wanakula mizuri, na ule wa makapi wanamtupia mfungwa kwa dharau. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, na katika kelele za matari na pembe Liyongo anazikata pingu zake. Anatoka, na watu wanakimbia.

Haya yote yanachukua beti nyingi, na msikilizaji anafurahi, anacheka, anatulia moyo. Bila ya kutangaziwa, anafundishwa jambo moja: adui wa nje hamwezi Liyongo. Mara mbili amejaribu, mara mbili kwa maneno mengi, na mara mbili ameshindwa. Mtunzi anatulaza kwa furaha ile ili kinachofuata kitukute hatujajiweka tayari.

MWANA

Mwanzoni mwa utenzi tumesikia kuwa Waoromo, ambao mtunzi anawaita Wagala, waliitamani mbegu ya mtu yule, wakamwoza binti yao ili wapate mtoto mfano wake. Wakati ule jambo lile lilipita kama sifa moja katika sifa za shujaa. Sasa mtoto yule amekuwa kijana, na Sultani anamwita kwake, anamkirimu, anamwahidi mke na cheo akimwua baba yake.

Kijana anarudi kwa baba. Anamwuliza, kwa maneno ya mtoto mwenye mapenzi, ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Baba hamfichi mwanawe: ni sindano ya shaba, nayo ichomwe kitovuni. Sindano inapatikana. Kijana anangoja baba alale. Anamchoma.

Mwanafunzi wangu mmoja alipofika hapa aliniuliza: "Shekhe, ndiyo basi?" Nikamwambia ndiyo basi. Makoma yana beti zake tele, mkate una beti zake tele, na kifo cha baba kinapita upesi, kwa mwendo ule ule wa mizani 8, na mwisho wa ubeti inarudi "ya" ile ile kama kwamba hapakutokea kitu. Mtunzi hakuongeza damu, wala hakumlaani kijana kwa beti 20. Na kwa kutoongeza, alitutia hofu kuliko kama angepiga mayowe. Kwani ndivyo ukatili wa ndani ya nyumba ulivyo. Haupigi baragumu kama jeshi. Huja kwa mwendo wa kila siku, kwa sauti ya mtu unayemjua, na huisha kabla jirani hajageuza kichwa.

Sasa rudi nyuma uvitazame vitu viwili hivi pamoja, tupa na sindano. Mama alituma mkate ambao kwa nje ni makapi, chakula cha kudharauliwa. Ndani yake mlikuwa na chuma cha kumwokoa mwanawe. Mwana alileta maneno ambayo kwa nje ni mapenzi, swali la mtoto kwa baba. Ndani yake mlikuwa na shaba ya kumwua. Utenzi mzima umeninginizwa kwenye vyuma hivi viwili vilivyofichwa, kama mizani ya dukani inavyoninginizwa vitanga vyake viwili. Rehema ilikuja imevaa matambara, na khiyana ilikuja imevaa kanzu nzuri. Kijumwa hakusema hivi popote kwa ulimi wake. Ameviweka tu, kimoja kabla na kimoja baada, akatuachia sisi kuviona.

Na mahali penyewe ilipochomwa ile sindano si pa kubahatisha. Kitovu ni alama ya kamba iliyotufunga na mama zetu kabla hatujaijua dunia; hapo ndipo sote tulipolishwa kwanza. Mama alimlisha Liyongo kwa njia ile tumboni, akamlisha tena gerezani kwa mkate wa wishwa. Mwana akaipitisha sindano pale pale ulipopita uhai. Shujaa hakuwa na mlango mwingine wa kufia ila ule wa uzazi, na ufunguo wake alikuwa nao mtu wa uzazi tu.

KISIMANI

Kama mtunzi angekuwa na haja ya mauaji peke yake, angeishia hapo. Lakini hapo ndipo anapoanza tena kupima kwa wingi. Liyongo anazinduka kwa maumivu, anashika upinde na mishale, anakwenda mpaka karibu na kisima cha mji, anapiga goti na kuuvuta upinde kama aliye tayari kutupa mshale. Na katika hali hiyo anakufa, asianguke.

Watu wanakuja kuteka maji wanamwona, wanakimbia. Kesho wanarudi, yuko vile vile. Mji mzima unashikwa na kiu. Hapo nakuomba, msomaji, uangalie huruma inavyotanda. Mpaka sasa tulikuwa upande wa Liyongo dhidi ya watu wa mji. Sasa mtunzi anatuonyesha watu wale wale midomo imewakauka. Katika watu wale mna wanawake na watoto ambao hawakumjua Sultani wala hila zake, na adhabu ya khiyana imewafikia nao. Dhulma aliyoiagiza mtu mmoja katika chumba cha faragha imefunga maji ya mji mzima.

Ndipo wazee wanapomwendea mama. Wanadhani mwanawe amekasirika, na hapana wa kumtuliza ila yeye. Mama anakwenda, anamtumbuiza kwa maneno laini, amsamehe nani na amwachie nani, naye hajibu. Sisi wasikilizaji twajua kuwa sindano imekwisha kuingia, mama hajui. Kila neno lake la upole linatuchoma kwa sababu ya hilo tunalolijua sisi asilolijua yeye. Anambembeleza kama anavyobembelezwa mtoto mchanga, na yule anayebembelezwa hasikii tena. Mwishowe mwili unaanguka, na watu wote wanafahamu.

Hebu sasa tuhesabu. Sindano: maneno machache. Goti, upinde, kiu, wazee, mama na nyimbo zake: maneno mengi. Mtunzi ameunyima ukatili nafasi akaijaza huruma pishi baada ya pishi. Hakumwachia muuaji afurahie kutazamwa. Ametuchukua haraka kutoka mkononi mwake akatuweka kwa mama, na huko ndiko alikotuacha tukae.

Na kijana je? Katika masimulizi ninayoyajua, alichoahidiwa hakukipata. Hapa wanafunzi wa fikihi watakumbuka kanuni yetu katika mirathi: muuaji hamrithi aliyemwua. Sheria imeufunga mlango ule ili asiwepo mwenye kuhesabu mali juu ya roho ya mzazi wake. Utenzi hautaji kanuni hiyo, lakini unaionyesha kwa macho.

ADABU YA KUSIMULIA MAUAJI

Hatuyalinganishi maneno ya Mwenyezi Mungu na maneno ya mtunzi yeyote, hilo halijuzu. Lakini Mwislamu anayesoma Qur'ani kwa mazingatio hujifunza kutoka humo, pamoja na mengine, adabu ya kusimulia. Mrejee, katika Suratul Maida, kisa cha wana wawili wa Adamu. Mauaji ya kwanza duniani yalitendeka baina ya ndugu. Na tazama mpango wa kisa: yule anayekwenda kuuawa anapewa maneno, tena maneno marefu, anasema hataunyoosha mkono wake kumwua nduguye, na kwamba anamwogopa Mola wake. Kuuawa kwenyewe kunatajwa kwa ufupi kabisa. Kisha anakuja kunguru anayefukua ardhi, na majuto ya muuaji asiyejua hata namna ya kusitiri maiti ya nduguye. Maneno mengi amepewa mwenye kudhulumiwa, na kitendo kimepewa neno moja. Na mara tu baada ya kisa hicho tunafundishwa kuwa mwenye kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote.

Watunzi wetu wa tendi walikuwa watu wa chuo. Walikulia juu ya Msahafu, wakaanza tungo zao kwa jina la Mungu na kuzimaliza kwa dua. Si ajabu basi kwamba adabu hiyo iliwaingia mikononi. Linganisha na yanayoenezwa leo katika simu zetu: maiti inapigwa picha, damu inasogezwa karibu, na aliyeuawa hatambulikani jina lake wala maneno yake. Huko pishi zote amepewa muuaji.

HUKU NINAKOANDIKIA

Nimesema somo hili linahitajika huku. Nkome ni mji wa wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Geita. Watu wanaishi kwa sangara, sato na dagaa, na wengine wanatoka kwenda kutafuta dhahabu machimboni. Hizi ni kazi za bahati. Leo wavu umejaa, kesho mtu anarudi mikono mitupu; huyu amechimba miezi akakosa, jirani yake kapata kwa siku moja. Na penye kazi za bahati, mpiga ramli hakosi wateja. Atamwambia huyu kuwa bahati yake imefungwa na mtu wa nyumbani kwake, na atamwambia yule kuwa iko dawa ya kuifungua.

Katika nchi hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita kumeuawa vikongwe wengi kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi mara nyingi umekuwa ni macho mekundu. Macho yale ni mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa rangi gani? Moshi ule ule ndio uliowaivishia chakula wale wanaokuja kumshitaki. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 tukasikia la ajabu zaidi, watu wenye ualbino wakiwindwa kama wanyama kwa ajili ya viungo vyao, eti ni dawa ya utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Na mwezi uliofuata, Februari 2015, mtoto mchanga mwenye ualbino alitekwa kutoka mikononi mwa mama yake wilayani Chato, mkoa huu huu wa Geita, akapatikana ameuawa. Mama yake alijeruhiwa akimpigania.

Katika mengi ya mambo haya kulikuwa na mtu wa ndani. Wanaotiwa mbaroni mara nyingine wamekuwa ni ndugu, mara nyingine ni mwana aliyechoka kungojea shamba au ng'ombe. Mpango ni ule ule wa Kijumwa. Yuko anayeahidi, kama Sultani alivyoahidi cheo na mke. Yuko anayejua mlango, kwa kuwa alizaliwa ndani yake. Na iko saa ya usingizi.

Msiseme, enyi watu wa pwani, kwamba hayo ni ya bara. Utenzi huu haukutungwa Nkome. Umetungwa Lamu, na habari yake ni ya Pate. Mababu zetu hawakuona haya kukiri kuwa sindano ile imetengenezwa kwetu. Na wengi wa majirani zangu hapa, Wasukuma na wasio Wasukuma, wanaulaani uovu huu kama tunavyoulaani sisi, na wako waliohatarisha roho zao kuwaficha wazee wao.

Tofauti ninayoiona ni moja, na ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika. Kikongwe anayeuawa kwa tuhuma hapewi hata kipande kimoja cha mizani 8. Anasemwa, naye hasemi. Mpiga ramli ana maneno, mwenye kutuhumu ana maneno, wanaonong'ona kilabuni wana maneno, na asubuhi yake kunabakia kusemwa kuwa bibi fulani amekatwa mapanga. Hapana aliyemwuliza alizaa wangapi, alizika wangapi, na nani aliyewalisha hawa wanaomjadili. Pishi yake ni tupu. Na mtu ambaye pishi yake ni tupu kwa maneno, ni rahisi kumwua, kwa kuwa mioyo ya wasikilizaji haijapata pa kumshika.

Hiyo ndiyo kazi ya huruma katika utungo. Haimzuii muuaji mkono wakati amekwisha kuuinua. Inamlea msikilizaji miaka mingi kabla, ili azoee kuuliza: mama yuko wapi katika habari hii? Aliyechomwa alisema nini? Nani ana kiu kwa sababu ya jambo hili? Mwenye kuzoea maswali hayo, mpiga ramli atakuwa na tabu ya kumnunua.

TUUSOMEJE NYUMBANI

Basi nawausia mambo matatu, na nafsi yangu kwanza.

La kwanza, tusiwasimulie watoto nguvu za Liyongo tukaacha kisima. Wako wanaomaliza hadithi kwenye sindano kwa sababu ya usingizi wa watoto. Heri kuikata sehemu ya makoma kuliko kuikata sehemu ya mama. Asiyefika kisimani hajausikia utenzi.

La pili, anayeughani asiubadili mwendo kwenye mauaji ili kutisha. Aache mizani iende kama kawaida, na kina cha mwisho kirudi kama kawaida. Akifika kwa mama ndipo asiwe na haraka. Mtunzi ameweka wingi hapo. Nasi tusiuibe kwa pumzi fupi.

La tatu, baada ya kusoma tuwaulize watoto habari ya ule mkate na lile swali. Kipi kilikuwa kibaya kwa nje na kizuri kwa ndani? Kipi kilikuwa kitamu kwa nje na sumu kwa ndani? Mtoto mwenye kuyajibu haya ataijua khiyana ikija na maneno ya mapenzi, na ataijua rehema hata ikija na mkate wa wishwa: katika kemeo la baba, katika mikono ya bibi iliyokauka, katika macho yake yaliyoungua kwa moshi wa chakula chetu. Mola wetu ametukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuwachukia wanapofikia uzee mbele yetu. Ikiwa neno dogo limekatazwa, sindano itakuwaje?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhulma, awape subira mama zao, azilainishe nyoyo zetu, na atukinge na mali inayoingia nyumbani kwa mlango wa damu. Amin.

Wabillahi tawfiq.